Faini ya mwendokasi ugenini: Tupinge kwa hoja, tusipinge kwa uongo

Ijumaa ya leo tunapenda kuzungumzia jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka huonekana dogo na la kidunia tupu, ilhali ndani yake mna ahadi, mna ushahidi, mna deni na mna heshima ya familia. Jambo lenyewe ni faini ya mwendokasi anayoandikiwa mtu akiwa safarini katika nchi ya watu, na namna inavyompasa kuipinga pale anapoona hakutendewa haki.

Familia zetu nyingi siku hizi zina ndugu Uingereza. Wazazi huenda kumwona binti aliyejifungua, wengine huenda kwa arusi, kwa matibabu au kwa mahafali ya kijana wao. Wakifika hukodi gari, au mwenyeji huwapa funguo za gari lake. Kule mtu anaweza kupigwa tochi bila ya kumwona askari hata mmoja, kwa kuwa kazi hiyo hufanywa na kamera zilizosimikwa kando ya njia. Mgeni hurejea nyumbani salama, na baada ya wiki kadhaa barua humfuata. Hapo kikao cha familia huitishwa na ushauri humiminika. Mmoja husema lipa yaishe. Wa pili husema nyamaza, watakufuata wapi? Wa tatu husema waandikie kuwa aliyekuwa akiendesha ni mjomba, maana yeye keshaondoka na hawatampata. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali lililostahiki kutangulia: je, kosa hili limefanyika kweli, na ni nani aliyelifanya?

Sheria ya barabara na ahadi ya mgeni

Wapo wanaodhani kuwa sheria za barabarani za nchi isiyokuwa ya Kiislamu hazimfungi Mwislamu mbele ya Mola wake. Dhana hii haina msingi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha nane kilichofanyika Bandar Seri Begawan, nchini Brunei, mwezi Juni 1993, lilipitisha azimio kuhusu ajali za barabarani na kueleza kuwa ni wajibu kufuata kanuni za usafiri ambazo hazipingani na sheria ya Kiislamu, kwa sababu zimewekwa kulinda maslahi ya watu na roho zao. Aidha, mafakihi tangu zamani wamefundisha kuwa anayeingia katika nchi ya wengine kwa idhini na kwa amani hubanwa na masharti ya amani hiyo. Viza iliyogongwa katika pasipoti ni ahadi, na mkataba wa gari la kukodi ni ahadi nyingine. Aya ya kwanza ya Suratul Maida inatuamrisha kutimiza mikataba, na haikubagua mkataba tuliofunga na nani.

Lakini wajibu wa kutii haumwondolei mtu haki ya kujitetea. Katika mafunzo ya Uislamu kuhusu hukumu, mwenye kudai ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi, na mtu hahukumiwi kwa madai matupu. Kwa hiyo anayepinga faini asiyoistahiki si mkaidi wala si mvunja sheria, bali anatumia mlango ambao sheria yenyewe imemfungulia. Sharti ni moja tu, kwamba aingie mlangoni humo akiwa na ukweli wake mkononi.

Barua inavyosafiri

Hebu tuangalie namna mambo yanavyokwenda nchini England na Wales, kwani wengi hushindwa kwa kutoelewa utaratibu kabla hata ya kuzungumzia kosa.

Kamera haimjui dereva, inajua namba ya gari tu. Chini ya kifungu cha 1 cha Sheria ya Wakosaji wa Barabarani ya mwaka 1988, polisi wanatakiwa kumfikishia mmiliki aliyesajiliwa taarifa ya kusudio la kumshitaki ndani ya siku 14 tangu siku ya kosa. Gari likiwa la kukodi, mwenye kusajiliwa ni kampuni. Kampuni hujibu kwa kumtaja aliyekodi, kisha polisi humwandikia yeye. Kifungu cha 172 cha Sheria ya Barabara ya mwaka huo huo kinamtaka anayepokea fomu amtaje aliyekuwa akishika usukani, na muda wa kujibu ni siku 28. Asiyejibu hufanya kosa jingine kabisa, ambalo adhabu yake ni alama 6 katika leseni na faini isiyozidi pauni 1,000. Kosa la mwendokasi lenyewe, likimalizwa bila ya kwenda mahakamani, kwa kawaida ni pauni 100 na alama 3. Tazama basi jinsi ambavyo kunyamaza kunaweza kumgharimu mtu zaidi ya kosa alilolikimbia.

Kuna jambo la pili linalowachanganya wasafiri. Kampuni ya kukodisha gari mara nyingi hukata fedha katika kadi ya mteja kama ada ya kushughulikia barua ya polisi, na ada hii imo ndani ya mkataba aliotia saini. Mteja akiona fedha zimekatwa hudhani faini imekwisha kulipwa, hivyo barua ya polisi ikifika huitupa. Ada hiyo ni malipo ya kazi ya karani wa kampuni. Faini iko pale pale, na muda wake unaendelea kuhesabiwa.

Hoja tatu zisizosimama

Hoja ya kwanza ni ya siku 14. Msafiri hupokea barua siku ya 40 akafurahi kuwa sheria imewapita polisi. Hajui kuwa siku hizo huhesabiwa kwa barua ya kwanza, ile iliyokwenda kwa mmiliki aliyesajiliwa. Ikiwa kampuni iliipata kwa wakati, barua aliyopata yeye baadaye haibatiliki kwa kuchelewa. Hoja hii huwa na nguvu pale tu inapothibitika kuwa hata mmiliki mwenyewe hakufikishiwa taarifa ndani ya muda huo, wala dereva hakuonywa papo hapo na askari, wala hapakuwa na ajali.

Hoja ya pili ni kwamba hapakuwa na kibao. Kule England, barabara yenye taa za mtaani zilizopangwa kwa umbali usiozidi yadi 200, yaani takriban mita 183, huwa na kikomo cha maili 30 kwa saa isipokuwa vibao vieleze vinginevyo. Mfululizo wa taa ndiyo alama yenyewe, na ndiyo maana vibao vya kukumbusha havirudiwi kila hatua. Huko Wales kikomo cha barabara za namna hiyo kilishushwa na kuwa maili 20 tangu tarehe 17 Septemba 2023.

Hoja ya tatu ni ya maili na kilomita. Dereva aliyezoea kilomita 50 kwa saa akipita katika makazi ya watu hutazama mshale mbele yake, akauona kwenye 50, na moyo wake ukatulia. Kumbe gari la Uingereza huhesabu kwa maili, na maili 50 ni kilomita 80. Kikomo cha maili 30 ni kilomita 48 tu. Haya ni maelezo ya namna kosa lilivyotokea, si ushahidi kuwa halikutokea. Anayeyatoa anaomba kuonewa huruma, na kuomba huruma ni jambo jema na linaruhusiwa, ila asilichanganye na kukana kosa.

Hoja zinazosimama

Zipo hoja za haki, na mwenye nazo asione haya kuzitumia. Ya kwanza ni kwamba gari halikuwa hilo. Wahalifu hunakili namba za magari ya watu na kuzibandika kwenye magari yao, na namba chafu huweza kusomwa vibaya. Ya pili ni kwamba gari lilikuwa limekwisha kurejeshwa, au lilikuwa bado halijachukuliwa, saa ya kosa. Ya tatu ni kwamba dereva alikuwa mtu mwingine kweli, na mtu huyo yupo na anakubali. Ya nne ni kwamba vibao vya eneo hilo vilikosekana pale ambapo sheria inavitaka viwepo, au vilifunikwa. Ya tano ni kwamba kipimo chenyewe kina kasoro.

Kuhusu kipimo, ni vizuri msomaji aelewe kidogo kamera inavyofanya kazi. Kamera za aina ya Gatso zimepewa jina la Mholanzi Maurice Gatsonides, dereva aliyeshinda mashindano ya magari ya Monte Carlo mwaka 1953. Kamera hizo hupima kwa mawimbi ya rada, kisha hupiga picha mbili zinazopishana kwa kawaida kwa nusu sekunde. Barabarani hapo huchorwa mistari yenye umbali unaojulikana baina yake, ili mwendo uweze kuhakikiwa kwa njia ya pili. Gari linalokwenda maili 40 kwa saa hukata takriban mita 18 kila sekunde, kwa hiyo kati ya picha ya kwanza na ya pili linapaswa kuwa limesogea karibu mita 9. Lile linalokwenda maili 30 husogea chini ya mita 7. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya hesabu hii mezani. Picha zikionyesha umbali usiolingana na mwendo ulioandikwa katika barua, hapo pana hoja ya kweli. Zikilingana, basi nafsi imekwisha kujibiwa.

Kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote, msafiri aombe kuona picha. Akusanye mkataba wa gari wenye saa ya kuchukua na saa ya kurejesha, risiti za mafuta na za maegesho, na kipande cha tiketi ya ndege. Ikiwa usukani ulikuwa ukipokezanwa baina ya mume na mke au baina ya ndugu, wakae pamoja wakumbushane kwa uadilifu ni nani alikuwa akiendesha saa ile, kwa kuwa kamera nyingi hupiga gari kwa nyuma na uso wa dereva hauonekani. Tunashauri zaidi kuwa familia iwe na kijidaftari ndani ya gari, na kila anayekamata usukani aandike jina na saa. Kazi hii ni ya dakika moja, na inaweza kuwaokoa watu na fitina ya mwezi mzima.

Akiamua kupinga, shauri husikilizwa na mahakama ya mahakimu, na aliye nje ya nchi anaweza kumweka wakili amwakilishe. Ajue pia gharama ya kushindwa. Mahakama hupanga faini kwa kuangalia uzito wa mwendo na kipato cha mtu kwa wiki, na viwango vya kuanzia hesabu ni kati ya nusu ya kipato hicho na mara moja na nusu yake. Ukomo wa juu ni pauni 1,000, au pauni 2,500 ikiwa kosa lilifanyika katika barabara kuu za mwendo wa kasi, na juu yake huongezwa gharama za kesi. Anayekiri mapema hupunguziwa theluthi moja. Kwa sababu hiyo, mwenye hoja dhaifu huingia mahakamani na deni la pauni 100 akatoka na mzigo mkubwa zaidi.

Nchi nyingine nazo zina milango yake, na kila mlango una saa ya kufungwa. Ujerumani humpa mtu wiki mbili tangu kufikishiwa uamuzi wa faini ili auwekee pingamizi. Ufaransa muda wa kawaida ni siku 45, na kulipa huhesabiwa kuwa ni kukubali kosa. Italia hutoa siku 60 za kupeleka malalamiko kwa Prefetto, naye anayeshindwa hapo hurudi na faini iliyoongezeka maradufu. Ndugu zetu waendao Ghuba nao wakumbuke kuwa desturi ya mji mmoja haiwi hoja katika mji mwingine: Dubai kamera zimekuwa zikivumilia hadi kilomita 20 juu ya kikomo kilichoandikwa, lakini Abu Dhabi iliuondoa uvumilivu huo mwezi Agosti 2018. Jambo linalozikusanya nchi hizi ni kwamba mtu asilipe kwanza kisha ndipo aanze kulalamika, wala asikae na barua mpaka muda upite.

Hatari ya kumbebesha mwingine

Sasa turejee kwa yule mshauri wa tatu wa kikao cha familia, anayesema atajwe mjomba aliyekwisha kuondoka. Hila hii imejaribiwa na watu wenye elimu kubwa ya sheria, na mwisho wao ni mazingatio.

Marcus Einfeld alikuwa jaji wa Mahakama ya Shirikisho ya Australia, mtu wa heshima na nishani. Mwezi Januari 2006, akiwa amekwisha kustaafu, gari lake lilipigwa picha huko Sydney likienda kilomita 60 mahali pa kilomita 50. Faini ilikuwa dola 77 za Australia. Alikwenda mahakamani akaapa kuwa gari alikuwa amemwazima rafiki yake, profesa aliyekuja kutoka Marekani. Shauri likafutwa, naye akatoka akiwa mshindi. Kisha waandishi wa habari wakagundua kuwa profesa huyo alifariki dunia mwaka 2003, miaka mitatu kabla ya siku ya kosa. Mwezi Machi 2009, akiwa na umri wa miaka 70, jaji huyo alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu, asitoke kabla ya miwili, kwa kiapo cha uongo na kupotosha haki. Sababu ya yote hayo ilikuwa dola 77.

Huko Uingereza, Chris Huhne aliyekuwa waziri wa nishati alipigwa picha na kamera katika barabara ya M11 mwaka 2003. Mkewe, Vicky Pryce, akakubali kuandikiwa alama ili mume asipoteze leseni. Siri ilikaa ndani ya nyumba kwa miaka. Ndoa ilipovunjika mwaka 2010, siri ikatoka nje pamoja na uchungu wake. Mwezi Machi 2013 wote wawili walihukumiwa kifungo cha miezi minane kila mmoja. Naye Fiona Onasanya, mwanasheria na mbunge wa Peterborough, alifungwa miezi mitatu mwezi Januari 2019 kwa sababu fomu ya gari lake ilimtaja kuwa dereva mtu ambaye siku ile alikuwa Urusi. Yeye na kaka yake wakahukumiwa pamoja, na mwezi Mei mwaka huo akapoteza kiti chake.

Wahenga wetu walisema njia ya mwongo ni fupi. Sisi tunaongeza kuwa mwongo wa namna hii haendi njia hiyo peke yake, bali huifunga familia yake kamba moja naye. Mzazi anayemwambia mpwa wake anayeishi kule ajiandike kuwa dereva, kwa hoja kwamba yeye ni kijana na alama tatu hazimdhuru, afahamu kuwa dereva mpya wa Uingereza akifikisha alama 6 ndani ya miaka miwili ya mwanzo hufutiwa leseni na kulazimika kufanya mtihani upya. Kijana anayeitegemea leseni hiyo kwa kazi atakuwa amepokonywa riziki na mtu aliyekuja kumtembelea. Na kijana wetu atakataaje, ilhali tumemlea kutovuka neno la mkubwa? Kumwomba jambo hilo ni kuitumia adabu yake dhidi yake.

Vivyo hivyo mwenyeji aliyemwazima mgeni gari. Barua itafika mlangoni kwake, na sheria inamlazimisha kumtaja mgeni. Asilaumiwe, wala isisemwe barazani kuwa fulani amemchoma ndugu yake kwa Wazungu. Aya ya 135 ya Suratun Nisaa inatutaka tusimame imara na uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, ijapokuwa ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi au jamaa wa karibu. Mgeni mwungwana hampi mwenyeji kazi ya kumtafutia maneno. Humpigia simu mwenyewe akamwambia: andika jina langu, na anwani yangu ni hii.

Ama mshauri wa pili, yule wa kunyamaza, naye hajaona mbali. Fomu ya maombi ya viza ya Uingereza humuuliza mwombaji kama amewahi kuhukumiwa kwa kosa la jinai, au kuadhibiwa kwa kosa la udereva, nchini humo au kwingineko. Mwaka ambao binti atajifungua tena na mama akataka kusafiri, swali hilo litakuwa mezani. Aliyelipa faini yake, au aliyeipinga akashinda, ataandika ukweli bila ya hofu. Aliyenyamaza, na huenda akahukumiwa bila ya kuwapo, atachagua baina ya kueleza aibu ya zamani na kuongeza uongo mpya.

Ndugu wasomaji, barua ya namna hii ikimfikia mmoja wetu, na aisome hadi mwisho siku hiyo hiyo, aangalie tarehe zake, aombe picha, na ajiulize mwenyewe kabla hakimu hajamuuliza. Ikiwa hakutenda, aandike hoja zake kwa adabu na asimame nazo mpaka mwisho, kwani kuidai haki ni katika kuilinda. Ikiwa alitenda, amtaje aliyetenda, naye ni yeye, kisha alipe mapema. Na tumshukuru Mola kwamba safari ile iliisha kwa karatasi, haikuisha kwa mtoto wa watu kulala barabarani.

Mwenyezi Mungu azijaalie safari zetu ziwe za salama, na azifanye ndimi zetu ziwe za kweli nyumbani na ugenini. Wallahu a'lam.